Sura ya Mtu Mtaani: Mhadhara kuhusu Picha, Sanaa na Sheria



Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 231, inasema kwamba noti na sarafu zetu zinaweza kubeba picha inayoiwakilisha nchi, lakini zisibebe sura ya mtu yeyote. Tangu Benki Kuu ilipotoa noti zake za kwanza mwaka 1966, tulikuwa tumezoea kutembea na nyuso za marais mifukoni. Kisha tukasema basi. Noti mpya zilipozinduliwa Sikukuu ya Madaraka mwaka 2019, zikiwa na jengo la KICC na sanamu ya Mzee Jomo Kenyatta iliyo mbele yake, mwanaharakati Okiya Omtatah alikwenda Mahakama Kuu kudai kwamba sura ile imerudishwa kwa ujanja. Mahakama haikukubaliana naye na noti zikabaki. Lakini angalieni uzito wa jambo lenyewe: taifa zima lilibishana, likafika kortini, kwa sababu ya uso wa mtu mmoja kwenye karatasi.

Leo nataka tuzibishanie nyuso nyingine kwa uzito ule ule. Nazungumzia uso wa mama mboga wa Kayole, uso wa makanga wa matatu ya 58 akining'inia mlangoni Jogoo Road, uso wa mtoto anayeokota plastiki Dandora. Nyuso hizi hupigwa picha kila siku. Zinachapishwa kwenye kalenda, zinabandikwa kwenye mabango, zinawekwa kwenye ripoti za mashirika na kuta za majumba ya sanaa mbali na hapa. Wenyewe mara nyingi ndio wa mwisho kujua.

Hoja yangu ni moja, na nitaizunguka kwa njia kadhaa: ruhusa ya mtu hufuata matumizi ya picha. Aliyekubali kupigwa picha hajakubali kuuzwa. Aliyekubali picha yake itundikwe kwenye maonyesho ya mtaa hajakubali kuwa tangazo la dawa ya minyoo. Kila matumizi mapya yanahitaji ruhusa yake.

Mitaa hii ina sababu ya kulijua jambo hili kuliko wengi. Wazee waliokulia Pumwani, Shauri Moyo na hapa Kaloleni watakumbuka walivyosimuliwa habari za kipande, kitambulisho cha enzi za ukoloni: mwanaume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitembea na alama za vidole vyake mwenyewe, ili askari yeyote amtambue. Kisha ikaja Hali ya Hatari. Tarehe 24 Aprili 1954 wanajeshi na polisi waliizingira Nairobi katika Operesheni Anvil, na mitaa ya Waafrika huku Eastlands ndiyo iliyopekuliwa nyumba kwa nyumba. Watu walipangwa mistari wakapitishwa mbele ya mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu mawili ya macho. Wakikuyu walimwita gakunia. Kichwa kile kikitikisika, umekwisha. Unapakiwa lori kwenda kizuizini. Maelfu walikwenda hivyo. Mwenye kuhukumu alificha sura yake, na mwenye kuhukumiwa akaanikwa ya kwake. Naomba mlishike jambo hilo, kwa sababu nitalirudia nikifika Dandora ya miaka yetu.

Sasa sheria. Kenya haina sheria moja iliyotungwa mahsusi kwa ajili ya sura ya mtu. Haki hiyo imejengwa na mahakama kutoka kwenye Katiba, hasa kifungu cha 28 kinacholinda utu wa kila mtu na kifungu cha 31 kinacholinda faragha. Njia yenyewe ilipitia kwa majirani. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Uganda iliamua kesi ya mwanamke aliyeishitaki benki iliyotumia picha yake kwenye matangazo, na ikataja mambo matatu ya kuthibitishwa. Mwaka uliofuata Jaji John Mativo wa Mahakama Kuu ya Nairobi naye alitaja matatu katika kesi ya hapa kwetu. Je, kitu kinachomtambulisha mtu kimetumika? Je, kimetumika kwa manufaa ya huyo aliyekitumia? Je, kimetumika bila idhini?

Swali la kwanza ni pana kuliko linavyosikika. Wapo wapiga picha wanaodhani ukimziba mtu macho kwa mstari mweusi umemaliza kazi. Lakini ikiwa Umoja nzima inamjua kwa kibanda chake, kwa leso yake na kwa mtoto aliyembeba mgongoni, umeziba nini? Anayetambulika ametambulika, hata kwa kisogo.

La pili ndilo lenye mabishano mengi, nitalirudia kwenye sanaa. La tatu ndilo linalotuumiza sana mitaani, kwa sababu tumekubali uongo kwamba kutabasamu ni idhini. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 imelimaliza suala hilo. Picha inayomtambulisha mtu ni data yake. Kifungu cha 32 kinasema mzigo wa kuthibitisha idhini ni wa huyo anayeitumia data, na kwamba aliyetoa idhini anaweza kuiondoa wakati wowote, ingawa kuiondoa hakubatilishi yale yaliyokwisha kufanywa kihalali. Kwa hiyo si kazi ya mama mboga kuthibitisha kwamba hakukubali. Ni kazi yako wewe mwenye kamera kuonyesha kwamba alikubali, na kwamba alikubali jambo hili hasa unalolifanya. Kifungu cha 37 kinaongeza kwamba matumizi ya kibiashara yanahitaji idhini ya wazi.

Biashara hapa si kampuni kubwa peke yake. Saluni ya Buruburu inayoweka picha ya mteja aliyesukwa kwenye ukurasa wake ili wengine waje, inafanya biashara kwa kichwa cha mteja. Vivyo hivyo fundi wa nguo, kinyozi, mpishi wa harusi na mwenye studio anayening'iniza picha ya bibi harusi dirishani. Muulize kwanza. Ni sentensi moja tu, na wengi watakubali kwa furaha.

Wasiouliza wameanza kulipa. Mwishoni mwa mwaka 2022 Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data, chini ya Immaculate Kassait, iliitoza kampuni ya simu ya Oppo Kenya faini ya shilingi milioni 5 katika shauri lililoanzia kwenye picha ya mtu iliyowekwa Instagram bila ruhusa yake. Septemba 2023 klabu ya Casa Vera iliyoko Ngong Road ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja aliyekwenda kujiburudisha, na Roma School ya Uthiru ikatozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Hakuna kati ya picha hizo iliyokuwa ya aibu. Watu walikuwa wanaburudika, watoto walikuwa shuleni. Kosa lilikuwa kudhani kwamba picha isiyo na aibu haihitaji ruhusa.

Haya si matatizo ya zama za simu tu. Huko Rochester, jimbo la New York, msichana aitwaye Abigail Roberson alikuta uso wake kwenye matangazo ya unga yapatayo 25,000, yamebandikwa madukani na kwenye maghala. Alishitaki. Mwaka 1902 mahakama ya juu ya jimbo, kwa majaji wanne dhidi ya watatu, ilimwambia kwamba sheria haikuijua haki anayoidai. Wananchi walikasirika kiasi kwamba mwaka uliofuata bunge la jimbo likatunga sheria ya kukataza kutumia jina au picha ya mtu kwa tangazo au biashara bila idhini ya maandishi. Msichana wa kawaida, uso wake, gunia la unga. Nikipita Gikomba na kuona nyuso kwenye pakiti na mabango, humkumbuka.

Je, sanaa? Najua vijana wengi mmekuja kwa ajili ya swali hili.

Kifungu cha 33 cha Katiba kinataja kwa jina uhuru wa ubunifu wa kisanaa. Na kifungu cha 52 cha Sheria ya Kulinda Data kinatoa msamaha kwa uandishi wa habari, fasihi na sanaa. Msamaha huo umewekewa masharti ambayo wengi hawayasomi. Kazi iwe kweli ni ya sanaa. Anayeitoa awe na sababu za msingi za kuamini kwamba kuitoa kuna maslahi kwa umma. Na iwe kwamba kufuata matakwa ya sheria kungeizuia kazi yenyewe isifanyike. Ikiwa ungeweza kumuuliza mzee yule wa Makongeni na hukumuuliza kwa uvivu, msamaha haukuhusu.

Linganisheni na Marekani. Mpiga picha Philip-Lorca diCorcia alitega taa na kamera Times Square akawapiga wapita njia bila wao kujua. Mmoja wao, mzee wa Kiyahudi mwenye msimamo mkali wa dini, alikuta uso wake ukiuzwa katika jumba la sanaa kwa maelfu ya dola, akashitaki kwamba imani yake imekanyagwa. Mwaka 2006 mahakama ya New York ilimkatalia kwa hoja kwamba hiyo ni sanaa, si tangazo wala biashara kwa maana ya ile sheria ya 1903. Ningekuwa jaji Milimani, nisingeifuata hukumu hiyo kwa haraka. Sheria yao inaanzia kwenye tangazo. Yetu inaanzia kwenye utu. Hapa kwetu swali la maslahi ya umma lingepaswa kujibiwa, na mimi sioni umma ulipata nini kwenye uso wa mzee yule ambacho usingekipata kwa kumwomba ruhusa.

Kupiga picha barabarani kwenyewe hakujakatazwa, ukiacha maeneo yanayolindwa na serikali. Soko likiwa limejaa, umati ukiandamana, timu ikicheza uwanja wa Camp Toyoyo, piga. Historia ya jiji hili ingekuwa wapi kama kila mtu kwenye umati angeombwa sahihi? Mohamed Amin, mzaliwa wa Eastleigh, asingetuachia picha alizotuachia. Ugumu huanza pale unapomtoa mtu mmoja kwenye umati, ukamfanya yeye ndiye picha, kisha ukampa maana ambayo hakuichagua: "umaskini", "uhalifu", "ukahaba", "matumaini ya Afrika".

Na michoro ya matatu? Kanuni za matatu za waziri John Michuki zilipoanza kutekelezwa Februari 2004, mstari wa manjano ulifuta nyuso zote kwenye magari yetu. Miaka kumi baadaye zilikuwa zimerudi kwa kishindo, na leo nganya ya Umoja au Buruburu inaweza kubeba wanamuziki na wanasoka watatu, kila mmoja amechorwa kwa ustadi ambao chuo chochote cha sanaa kingejivunia. Wengine watasema mwenye gari anapata abiria kwa sura za watu. Ni kweli, na mtu mkali angeweza kujibu ndiyo kwa maswali yote matatu ya Jaji Mativo. Mimi naitetea michoro hiyo. Msanii amechora kwa mkono wake, ameongeza lake, na anayemtazama staa yule garini hadhani kwamba staa ameidhinisha gari. Ni heshima ya shabiki kwa mtu ambaye mwenyewe amechagua kuishi mbele ya macho ya watu. Lakini sura ile ile ikichapishwa kwenye fulana mia tano za kuuza, tumetoka kwenye heshima tukaingia kwenye bidhaa. Na ukimchora binti wa mtaani aliyekukataa, ukamweka nyuma ya basi lipite mbele ya nyumba yao kila asubuhi, hiyo haikuwa heshima tangu mwanzo.

Kwa watoto sina huruma na mtu. Kifungu cha 33 cha Sheria ya Kulinda Data kinataka idhini ya mzazi au mlezi, na juu ya hiyo, matumizi yenyewe yawe kwa namna inayolinda haki na maslahi ya mtoto. Sahihi ya mzazi peke yake haitoshi. Mzazi mwenye njaa atasaini karatasi yoyote aliyoletwa na watu wenye gari na unga. Jalala la Dandora limekuwepo tangu miaka ya 1970, na kwa muda wote huo watoto wake wamepigwa picha kwa ajili ya kuchangisha fedha. Mtaniambia dunia isingejua bila picha hizo. Nawajibu kwa utafiti wa UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, uliotolewa mwaka 2007: walipimwa watoto 328 wanaoishi na kusoma karibu na jalala, na nusu yao walikutwa na madini ya risasi mengi mno kwenye damu. Ukweli huo uliwatikisa watu, na haukuhitaji uso wa mtoto hata mmoja.

Wasanii wa kikundi cha Wajukuu, kule Mukuru kwa Lunga Lunga, wameonyesha njia nyingine. Walipoalikwa kwenye maonyesho ya Documenta mjini Kassel, Ujerumani, mwaka 2022, walijenga njia ya mabati yenye kutu mlangoni mwa ukumbi, wageni wakalazimika kuipita ndipo waingie. Mukuru ilifika Ujerumani bila kumpeleka mtu wa Mukuru atazamwe kwenye fremu.

Sasa Dandora, na hapa naomba utulivu wenu.

Tangu takribani mwaka 2016 zilijulikana sana kurasa za Facebook zenye jina la Hessy, Hessy wa Dandora, Hessy wa Kayole na wengineo. Ziliweka picha za vijana, mara nyingi zilizochukuliwa kwenye kurasa za vijana wenyewe, wamevaa vizuri, wamesimama na marafiki. Maneno yaliyofuata yalikuwa onyo: huyu ni mwizi, abadilike au atakwenda. Baadaye ikafuata picha nyingine, ya kijana yule yule, amelala chini kwenye damu. Maelfu walitazama, wengine wakashangilia. Mathare Social Justice Centre, katika ripoti yao ya mwaka 2017 kuhusu mauaji yanayofanywa na polisi, waliandika habari za vijana wa mitaa hii waliouawa bila kufikishwa mbele ya hakimu.

Mwenye ukurasa hana sura. Mwenye sura hana kesi. Ni gakunia yule yule wa 1954, safari hii amejifunika simu badala ya gunia. Kifungu cha 50 cha Katiba kinasema mtu hana hatia mpaka mahakama ithibitishe, na kifungu cha 26 kinalinda uhai. Kwa hiyo mnapomsikia wakili akizungumzia haki ya sura kana kwamba ni ugomvi wa mabango na kalenda, mwambieni huku kwetu picha imewahi kutumika kama hati ya kifo. Na mimi nasema bila kuzunguka: anayesambaza picha ile, hata kwa nia ya kuonya jamaa zake, anashiriki. Usiisambaze.

Tazameni pia picha nyingine za vijana hao hao. Mama zao huzibeba vifuani kwenye maandamano, zimepanuliwa, zimewekwa fremu. Inawezekana ni faili lile lile, na tabasamu ni lile lile. Pale Facebook picha ilimhukumu mwana. Mkononi mwa mama inamtetea. Ndiyo maana nimesisitiza matumizi tangu mwanzo. Anayetafuta uhalali wa picha ndani ya picha yenyewe, hataupata.

Kuna hatari ya upande wa pili, na ningekuwa nimewadanganya nisingeitaja. Wenye mamlaka nao wameijua lugha ya "sura yangu". Kibet Bull, msanii aliyejulikana kwa picha za vivuli zenye kumkejeli Rais, alitekwa mwishoni mwa Desemba 2024 pamoja na vijana wengine waliokuwa wakiikosoa serikali mitandaoni, akaachiliwa Januari 2025. Rais si mama mboga. Ameomba kura, ameomba kutazamwa, na uso wake ni sehemu ya kazi tunayomlipa kuifanya. Kumchora vibaya ni haki ya raia. Akihisi amekashifiwa, mlango wa mahakama uko wazi kwake kama ulivyo kwa wengine, na mlango huo hauko kwenye gari lisilo na namba. Kadiri mtu anavyokuwa na nguvu, ndivyo sura yake inavyopaswa kuvumilia zaidi. Na anavyozidi kuwa mnyonge, ndivyo msanii anavyopaswa kuuliza zaidi.

Nimalizie kwa yale mtakayouliza mkitoka, nikianza na wapiga picha. Andikeni karatasi ya idhini kwa Kiswahili, fupi, isomeke mbele ya mwenye sura. Itaje picha itatumika wapi, kwa muda gani, na kwa malipo gani kama yapo. Mwacheni nakala. Mkitaka kuitumia kwa jambo lingine, rudini kwake. Na mkumbuke kwamba chini ya Sheria ya Hakimiliki, picha iliyoagizwa na kulipiwa na mteja, hakimiliki yake huhesabiwa imehamia kwa mteja huyo, isipokuwa mmekubaliana vingine. Wapiga picha wengi wa harusi hawalijui hili, wanauza kazi isiyo yao.

Picha za utupu zilizosambazwa bila ridhaa ni kosa la jinai: kifungu cha 37 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018 kina faini ya hadi shilingi 200,000, au kifungo cha hadi miaka miwili, au vyote viwili. Nendeni polisi, na mwende na mtu mnayemwamini.

Kwa mengine, malalamiko hupelekwa kwa Kamishna wa Kulinda Data. Piga picha ya bango au ya ukurasa kabla haujafutwa, andika tarehe na mahali ulipouona. Huhitaji wakili. Sheria inaruhusu kulalamika kwa mdomo, na ofisi ndiyo yenye wajibu wa kuyaandika maneno yako. Lalamiko linapaswa kuchunguzwa na kumalizwa ndani ya siku 90. Faini anayotozwa mkosaji si yako. Fidia yako unaidai chini ya kifungu cha 65, kwa hasara ya fedha na hata kwa fadhaa uliyoipata. Usiporidhika na uamuzi, una haki ya kukata rufaa Mahakama Kuu.

Nipo tayari kwa maswali, na ningependa tuanze na kina mama.